Punguza dawa ya magugu, usipunguze kipimo

Msomaji ameniandikia hivi: "Nalima mahindi hekta 2 na ngano hekta 1. Kwa miaka sita nimekuwa nikipiga dawa ya magugu mara mbili kila msimu. Mwanzoni shamba lilikuwa linang'aa. Sasa kuna nyasi hazifi hata nikirudia. Nataka kupunguza dawa, kwa sababu ya gharama na kwa sababu naihofia ardhi yangu na maji ya kisima. Je, nianze kwa kupiga nusu ya kipimo? Na nikipunguza, magugu hayatanimeza?"

Ndugu yangu, nianze na hilo la nusu ya kipimo, maana ndilo litakaloanza kukuumiza. Usifanye hivyo. Kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko kimewekwa ili gugu changa, lenye majani mawili hadi manne, life lote. Ukipiga nusu, mengi yatakufa, lakini yale yenye uwezo kidogo wa kuivunja dawa ndani ya majani yake yatabaki na kutoa maua. Kwa nyasi ambazo chavua yake huchukuliwa na upepo, uwezo mdogo wa mche mmoja huungana na uwezo mdogo wa jirani yake aliyepona, na watoto wao huwa wagumu kuliko wazazi. Mwaka 2005 watafiti wa Australia Magharibi waliichukua nyasi ya Lolium rigidum ambayo bado ilikuwa inakufa kwa dawa, wakaipiga kipimo pungufu, wakakusanya mbegu za miche iliyopona, wakazipanda na kurudia. Vizazi vitatu vilitosha kupata nyasi sugu.

Kwa hiyo kupunguza dawa ni kupunguza mahali inapopigwa na mara inapopigwa. Pale inapogusa, iguse kwa kipimo kamili.

Kabla ya kubadilisha lolote, rudi shambani ukaangalie hizo nyasi zisizokufa zimekaaje. Kama zimebaki kwenye mstari ulionyooka, na ndani ya mstari huo magugu ya kila aina yamepona, kosa ni la bomba: nozeli, yaani kitundu cha kutolea dawa, ilikuwa imeziba au uliruka njia. Kama yaliyobaki ni makubwa tu, ulichelewa. Lakini kama ni aina moja iliyobaki huku aina nyingine zote zimekauka, na ndani ya aina hiyohiyo unaona mche mmoja umekufa kabisa na wa pembeni yake, wa kimo kilekile, umetoa jani jipya la kijani katikati, huo ni usugu. Kutokana na maelezo yako nadhani ndicho ulichonacho. Kurudia dawa ileile juu ya miche hiyo ni kuipa nafasi ya kubaki peke yake shambani.

Wengi hufikiri wakibadilisha jina la dawa wamebadilisha dawa. Majina ya biashara ni mengi sana, njia za kuua gugu ni chache. Tafuta kwenye kibandiko namba ya kundi la dawa. Dawa mbili zenye namba moja huliua gugu kwa kupiga mahali palepale, na gugu lililoizoea ya kwanza mara nyingi litaivumilia ya pili. Wala usikae ukingoja dawa mpya ije ikuokoe. Tangu miaka ya 1980, zilipita zaidi ya miaka 30 bila kundi jipya kubwa la dawa za magugu kuingia sokoni.

Sasa tuje kwenye kiini. Magugu unayoyaona ni sehemu ndogo ya magugu uliyonayo. Mengine yako chini ya udongo, ni mbegu, yanangoja mvua na mwanga. Dawa hulipiga gugu lililoota, lakini hiyo akiba ya chini haiigusi. Mkulima anayeangalia juu tu atapiga dawa kila mwaka maisha yake yote. Anayeihesabu akiba ya mbegu na kuhakikisha kila msimu zinaingia chache kuliko zinazotoka, huyo baada ya misimu michache anahitaji dawa kidogo, na sehemu nyingine haihitaji kabisa.

Mbegu za magugu hazilingani maisha. Mwaka 1879 William Beal, mtaalamu wa mimea kule Michigan, Marekani, alifukia chupa zenye mbegu za mimea pori ili zichimbuliwe moja moja baada ya miaka mingi. Chupa iliyochimbuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota, baada ya miaka 142. Ukisikia hivyo unaweza kukata tamaa, lakini nyasi nyingi za msimu mmoja zinazosumbua ngano si za aina hiyo. Mbegu zake huisha haraka udongoni. Alopecurus myosuroides, nyasi inayowatesa wakulima wa ngano wa Uingereza, hupoteza takriban asilimia 70 hadi 80 ya mbegu zake kila mwaka kama hakuna mpya zinazoongezwa. Fanya hesabu kwa asilimia 75: mbegu 1,000 katika mita moja ya mraba zinakuwa 250 baada ya mwaka mmoja, 62 baada ya miwili, kama 16 baada ya mitatu. Lakini mche mmoja uliouacha ukomae unaweza kumwaga mamia ya mbegu, na hesabu yote ikarudi ilikoanzia. Ndiyo maana nasisitiza sana ile miche michache ya mwisho ambayo watu huipuuza.

Tuanze kabla ya kupanda, maana hapo ndipo magugu mengi huuawa kirahisi kuliko wakati mwingine wowote. Andaa shamba kana kwamba unapanda kesho, udongo ulainike na usawazike. Kisha usipande. Ngoja mvua au maji yaingie, uache siku 10 hadi 20. Baada ya wiki moja chuchumaa, ukwaruze udongo kwa kidole. Utaona nyuzi nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea, zingine hazijafika hata juu. Hayo ni magugu katika umri wake dhaifu kabisa. Kuyagusa tu na kuyaacha juani kunatosha, yanakufa saa za mchana huohuo. Pitisha haro nyepesi, kifaa cha meno cha kukwaruza udongo, au paraza kwa jembe, ukienda chini sentimita 2 au 3 tu. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote: wanalima tena kwa kina, wanapandisha juu mbegu mpya zilizokuwa zimelala, na wiki moja baadaye shamba limejaa upya. Mbegu nyingi ndogo huota zikiwa sentimita chache tu kutoka juu. Safu hiyo ukiisafisha, usiichanganye na iliyo chini yake. Ukimaliza, panda mara moja.

Njia hii ina gharama yake. Kwa anayetegemea mvua, wiki mbili za kuchelewa kupanda zinaweza kula sehemu ya mavuno, na mahindi yana wivu na mvua za mwanzo. Kwa hiyo sikushauri uifanye shamba zima. Ifanye kwenye kipande kilichochafuka zaidi, au kwenye ngano kama msimu wako unaruhusu. Kwingine panda mapema.

Mahindi yakishaota, jua kwamba hayadhuriki sawasawa kila siku. Kipindi cha hatari ni kuanzia yakiwa na majani matatu hivi hadi manane au kumi. Magugu yanayoota pamoja na mahindi na kuachwa katika kipindi hicho ndiyo yanayokula mavuno. Yanayoota baadaye, mahindi yakishafunika ardhi kwa kivuli, hayapunguzi mavuno kwa kiasi cha kukufanya upige dawa ya pili. Nina hakika dawa yako ya pili mara nyingi ilikuwa ya kuridhisha macho. Hayo magugu ya baadaye yahesabu kwa kitu kimoja tu: yasiachwe yamwage mbegu.

Palizi ya jembe au ya mashine ifanye asubuhi ya siku ya jua, udongo ukiwa umekauka juu. Nimeona palizi nzuri ikipotea kwa sababu mvua ilinyesha jioni yake na kila gugu lililong'olewa likashika mizizi tena pale lilipolala. Na usingoje magugu yaonekane vizuri ndipo ushike jembe. Gugu la majani mawili linakufa kwa kukwaruzwa. Lenye majani sita linataka kukatwa, na lililotoa machipukizi linataka kung'olewa kwa mkono. Kazi ya mtu mmoja kwa siku moja inageuka kazi ya watu watano kwa kuchelewa wiki mbili.

Sasa njia ambayo kwa hekta zako 2 za mahindi itakupunguzia dawa msimu huuhuu. Piga dawa juu ya mstari tu. Kama mistari yako iko sentimita 75 kutoka mmoja hadi mwingine, na unapiga utepe wa sentimita 25 juu ya kila mstari, umepiga theluthi moja ya shamba. Kama kibandiko kinasema lita 3 kwa hekta, utatumia lita 1 kwa kila hekta ya shamba, na bado kila sehemu iliyoguswa imepata kipimo kamili. Katikati ya mistari, ambako jembe au mashine hupita bila kukaribia mashina, unapalilia. Sehemu ngumu kupalilia ni palepale kwenye mstari, kati ya mche na mche, nayo ndiyo umeiachia dawa.

Upana wa utepe unatawaliwa na kimo cha nozeli, kwa hiyo tumia nozeli inayotoa dawa kwa usawa kutoka ukingo hadi ukingo, na uishike kimo kilekile. Nyumbani kabla ya kuingia shambani, jaza maji matupu, tembea mwendo wako wa kawaida juu ya sakafu kavu au ardhi ngumu, kisha pima upana wa alama ya maji kwa rula. Mkono ukipanda kidogo, utepe unapanuka na dawa inakuwa hafifu, nawe umerudi kwenye nusu ya kipimo bila kujua. Rudia hadi upate sentimita 25 hatua kumi mfululizo. Ni zoezi la nusu saa, na naliona la thamani kuliko kununua bomba jipya.

Kwenye ngano mambo ni tofauti kwa sababu mistari imebanana. Kama unaimwaga kwa mkono, nakuomba uanze kupanda kwa mistari, hata ya sentimita 20 au 25, ili kifaa chembamba kiweze kupita katikati. Haro ya meno membamba yanayonesa inaweza kupitishwa juu ya ngano yenyewe ikishashika mizizi na kuanza kutoa machipukizi. Itafukia majani kidogo, utaogopa, lakini ngano itainuka huku magugu madogo yakibaki chini. Ongeza pia kiasi cha mbegu kidogo juu ya unachotumia sasa. Ngano nene hufunika ardhi mapema, na kivuli huua bila kudai kitu. Chagua aina inayotanua majani mapema. Shayiri, kwa kawaida, hushindana na magugu vizuri kuliko ngano. Kama una soko la zote mbili, sehemu iliyochafuka ipe shayiri.

Mbolea nayo: iweke pembeni mwa mstari. Ukiitawanya shamba zima unalisha katikati ya mistari, na wanaokula huko si mahindi.

Kubadilisha mazao ni hatua kubwa kuliko hizi zote, na ndiyo watu hawapendi kuisikia kwa sababu haifungwi kwenye chupa. Nyasi inayoota pamoja na ngano kila mwaka imejifunza kalenda ya ngano. Ukiweka zao linalopandwa wakati mwingine, au zao la majani ya kukatwa kwa ajili ya mifugo, nyasi huota kwa kalenda yake ya zamani na kukuta haro au fyekeo. Misimu miwili ya namna hiyo huiondolea akiba yake nyingi. Mikunde inafaa sana, lakini angalia ulichopiga kabla. Atrazini, inayotumika sana kwenye mahindi, inaweza kubaki udongoni hadi msimu unaofuata na kuunguza maharage, hasa penye udongo wa magadi na mvua chache. Dawa ya 2,4-D, inayoua magugu ya majani mapana, itaua na kunde ulizopanda katikati ya mahindi. Ndiyo maana wengi walioanza na dawa hizi wameshindwa kurudi kwenye kilimo mseto. Huwezi kubadilisha zao kabla ya kubadilisha chupa. Na kuhusu hofu yako ya kisima, si hofu ya bure. Umoja wa Ulaya uliiondoa atrazini mwaka 2004 kwa sababu ya kuonekana kwake kwenye maji ya ardhini.

Wengine watakuambia usilime kabisa, utandaze mabua tu. Matandazo mazito huzuia magugu kweli na huhifadhi unyevu, nami nayapenda. Lakini kilimo kisichochimbua udongo mara nyingi kimesimama juu ya dawa ya kusafisha shamba kabla ya kupanda. Kama matandazo yako ni mepesi kiasi cha kuona ardhi kati ya mabua, hayatakusaidia. Kwa nyasi sugu, kupindua udongo kwa plau sentimita 20 mara moja, kisha kutolima kwa kina tena kwa miaka mitatu au minne, ni tiba nzuri: mbegu zinazikwa mahali ambapo haziwezi kuchomoza, na nyingi huozea huko. Ukilima hivyo kila mwaka unazirudisha juu ulizozizika jana.

Wakati wa kuvuna ndio mlango ulioachwa wazi katika mashamba mengi. Mkulima mmoja wa Australia Magharibi, Ray Harrington, aliiona hatari hiyo akabuni mashine ya kusaga mbegu za magugu zinazopita pamoja na makapi nyuma ya mashine ya kuvunia. Inaua zaidi ya asilimia 90 ya mbegu zinazoingia humo. Ilianza kule kwa sababu kule usugu uliwafika shingoni mapema, na kwa sababu Lolium rigidum bado inashikilia takriban asilimia 80 ya mbegu zake kichwani ngano inapokomaa. Huhitaji mashine hiyo kwa hekta moja. Unahitaji wazo lake: usiyarudishe makapi shambani. Yakusanye yote mahali pamoja, uyachome au uyaozeshe hadi lundo lipate joto kali. Vuna kwanza upande ulio safi, upande mchafu mwisho. Mashine ya kukodi isafishwe kabla haijaingia kwako, hata kama mwenyewe ana haraka. Samadi mbichi usiitie shambani, maana mbegu nyingi hupita tumboni mwa mnyama zikiwa hai.

Hujataja gugu chawi, ambalo wengine huliita kiduha, lakini kama mahindi yako yamedumaa na chini yake kuna kigugu chenye maua ya zambarau, sehemu kubwa ya niliyoandika hapo juu haitoshi. Gugu hilo hushikamana na mizizi ya mahindi likiwa bado chini ya ardhi. Unapoliona, limeshanyonya. Mche mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja kemikali inayotoka kwenye mzizi wa nafaka ili ziote. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita nchini Kenya, walipopanda desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, katikati ya mahindi miaka ya 1990 kwa ajili ya kufukuza viwavi wa mabua, waligundua kwamba gugu chawi lilikuwa linatoweka. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za gugu chawi, kisha huzizuia kushika mzizi wa mahindi, zikafa njaa. Mfumo huo, unaoitwa vuta-sukuma, unatumia dawa ya magugu kiasi gani? Hautumii. Ndago na ukoka nao wana habari yao, kwani huzaliana kwa viazi na mashina ya chini. Haro ikiyakatakata inayapanda. Hayo yachimbue wakati wa kiangazi, uyaache juu yakauke kabisa.

Umeuliza mwisho kama magugu hayatakumeza. Ukiacha dawa ghafla kwenye hekta zote 3, yatakumeza. Kwa hiyo kwenye mahindi anza na utepe juu ya mstari, uiache dawa ya pili. Kwenye ngano tafuta kile kipande chenye nyasi sugu na uanzie hapo kutotumia dawa kabisa. Watu hunishangaa ninaposema uanzie pachafu, lakini fikiria: hapo dawa imeshaacha kufanya kazi, kwa hiyo kwa kuiacha hupotezi kitu. Kizungushie vijiti. Ng'oa nyasi hizo kabla hazijachanua, uzibebe kwenye mfuko hadi nje ya shamba. Kama ni nyingi kuliko mikono uliyonayo, kata ngano yote ya kipande hicho ingali mbichi, uwape mifugo. Utapoteza ngano ya kipande kimoja na kuziokoa za miaka mitatu.

Na kabla hujang'oa, weka chini fremu ya mti ya mita moja kwa mita moja katika sehemu tano za kipande hicho, uhesabu miche ya hiyo nyasi ndani ya kila fremu, uandike pamoja na tarehe na alama ya mahali. Msimu ujao, wiki ileile, rudi na fremu hiyohiyo kwenye alama zilezile. Hesabu ikishuka, panua eneo la kutopiga dawa. Isiposhuka, kuna mahali mbegu bado zinaingia, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni mbegu ya ngano unayopanda: mwaga kilo moja juu ya kitambaa cheupe uichambue kwa vidole, mbegu moja moja.